Kama Huwezi Kuingia BIOS ya Laptopu Yako, Bado Hujainunua

Wacha niseme hii kitu mapema ndio tusipotezeane muda. Kama kuna mtu mwingine anashikilia paswadi ya BIOS ya laptopu yako, hiyo laptopu umekodi. Umelipa pesa yote, uko na risiti, uko na chaja, uko na kale kabegi ulipewa kama zawadi, lakini umekodi. Siku ukitaka kuweka Windows upya, au kujaribu Linux, au kuwasha mashine kwa flashi ndio uokoe faili zako, itabidi urudi kuomba ruhusa. Na ruhusa hapa Nairobi haiji bure.

Halafu kuna kundi la pili, na nadhani ndilo kubwa zaidi. Hawa hawajafungiwa na mtu. Wamejifungia wenyewe kwa uoga. Wakijipata kwa ile skrini ya maandishi madogo wanatoka mbio kama mtu ameingia nyumba ya wenyewe. Hawa ndio nataka tuongee leo. Mimi niliacha campo mwaka wa pili, na hata sikuwa nasoma kozi ya kompyuta, kwa hivyo usinitafutie cheti. Hii kitu haihitaji cheti. Inahitaji dakika ishirini na mtu wa kukuambia ukweli.

Mbona sasa?

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilimaliza kazi na Windows 10. Watu wa kawaida walipewa nafasi ya kujiandikisha wapate apdeti za usalama mwaka mmoja zaidi, hadi 13 Oktoba 2026. Baada ya hapo laptopu yako itaendelea kuwaka kama kawaida, lakini tundu jipya la usalama likipatikana, hakuna mtu atakuja kuliziba.

Tangu hiyo siku nimesikia sentensi moja mpaka nimechoka: "Hii mashine imezeeka, haiwezi Windows 11, tafuta ingine." Kuna wakati ni ukweli. Windows 11 inataka vitu vitatu ambavyo hubishani navyo: prosesa iliyo kwenye orodha ya Microsoft (kwa Intel, kuanzia kizazi cha 8), chipu ya usalama ya TPM 2.0, na mashine inayoweza Secure Boot. ThinkPad T470 iko na Intel ya kizazi cha 6 au cha 7, haimo kwenye orodha. T480, iliyotoka mwaka uliofuata, nyingi ziko na kizazi cha 8, na hizo zimo. HP EliteBook 840 G3 haimo. 840 G5 yenye kizazi cha 8 imo. Hizi ndizo laptopu za ex-UK ambazo mnanunua kila siku, kwa hivyo soma namba ya prosesa, usisome sura.

Lakini kuna T480 nyingi ambazo zina kila kitu kinachotakiwa, na bado mwenyewe ameambiwa mashine imekufa. Kwa nini? Juu mtu aliiweka Windows kwa mtindo wa 2009, akazima TPM ama hakuwahi kuiwasha, akafunga, akakupatia. Mashine haina ugonjwa. Iko na setingi mbaya. Na wewe unaanza kuchangisha doo ya kununua ingine.

Wasee wa gemu pia wamefikiwa. Valorant kwenye Windows 11 inataka TPM 2.0 na Secure Boot. Battlefield 6 ilitoka Oktoba 2025 ikiwa na masharti hayo hayo ya Secure Boot. Msee ananunua gemu, anasubiri ishuke usiku kucha juu bando za usiku ndio nafuu, asubuhi anaambiwa Secure Boot imezimwa. Anadhani ni kadi ya picha. Si kadi ya picha.

Soja wa geti

Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, Windows si ya kwanza kuamka. Ya kwanza ni famuwea, programu ndogo iliyoandikwa kwenye chipu ya bodi kuu. Inapiga raundi: RAM iko? Kibodi iko? Diski iko? Halafu inaamua nani atafunguliwa: Windows iliyo ndani, flashi uliyochomeka, ama mtandao. Kama unaishi ploti yenye geti, huyu mtu unamjua. Ni soja. Haishi kwako, hali chakula chako, lakini hakuna mtu anaingia bila yeye.

Jina BIOS lilianza 1975 na Gary Kildall, yule aliyetengeneza mfumo wa CP/M, na likaenea na kompyuta ya IBM ya 1981. Mashine za siku hizi hazitumii BIOS yenyewe, zinatumia UEFI. Intel ndiyo iliyoanzisha hiyo kazi mwisho wa miaka ya 1990, na tangu 2005 inasimamiwa na muungano wa kampuni. Lakini watu bado wanaita BIOS, vile tunaita kila dawa ya meno Colgate. Hakuna shida.

Shida ni kwamba mashine nyingi za kati ya 2012 na 2019 ziko na masoja wawili. Wa kwanza ni wa kizamani, anaitwa Legacy, mahali pengine CSM. Huyu anasoma kipande cha kwanza cha diski, na chochote atakachopata hapo anakifungulia geti. Haulizi kitambulisho. Tena mpangilio wake wa diski, MBR, hauwezi kutumia zaidi ya terabaiti 2. Wa pili ni UEFI. Huyu anaelewa mpangilio mpya wa GPT, na ukimwambia, anaangalia sahihi ya kila mgeni kabla ya kumruhusu. Hiyo kazi ya kuangalia sahihi ndiyo Secure Boot.

Legacy kwa mashine ya 2018 ni uvivu

Hapa nitasema bila kuzunguka. Mtu akikuwekea Windows kwa mtindo wa Legacy kwenye laptopu ya 2018, amekupunguzia miaka ya kutumia hiyo laptopu, na mara nyingi sababu ni flashi moja ya zamani ambayo hajawahi kuitengeneza upya. Flashi inawaka kwa Legacy peke yake, basi anabadilisha laptopu yako ifanane na flashi yake. Ni kama kukatia mtoto miguu ndio atoshee viatu.

Kujua kama umefanyiwa hivyo ni rahisi. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika msinfo32, bonyeza Enter. Tafuta mstari unasema BIOS Mode. Ikiwa UEFI, uko sawa. Ikiwa Legacy, sasa umejua kwa nini Windows 11 inakukataa.

Na habari njema ni kwamba huhitaji kufuta kitu. Ndani ya Windows 10, tangu toleo la 2017, kuna kifaa kinaitwa mbr2gpt. Kinabadilisha mpangilio wa diski na faili zako zikiwa ndani. Mpangilio wa kazi ndio unaua watu, kwa hivyo soma polepole. Kwanza, nakili faili zako mahali pengine, juu hakuna kifaa duniani cha kuamini asilimia mia. Pili, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika mbr2gpt /validate /allowFullOS. Ikikubali, rudia na /convert badala ya /validate. Tatu, na ni ya tatu si ya kwanza, ingia BIOS ubadilishe Legacy iwe UEFI.

Ukianza na hiyo ya tatu utapata ujumbe kwamba hakuna diski ya kuwasha. Hapo ndipo watu hulia. Manze, usilie. Faili zako hazijaenda popote. Soja mpya hajui kusoma ramani ya zamani, ni hivyo tu. Rudisha setingi vile ilikuwa, mashine itawaka, anza tena kwa utaratibu.

Kitu kingine kinatisha watu ni HP. Ukibadilisha Secure Boot kwenye EliteBook, ikijiwasha tena inakuonyesha namba nne na kukuambia uziandike halafu ubonyeze Enter. Watu hudhani ni virusi ama mashine imefungwa na mwizi. Ni mashine inauliza tu: ni wewe mwenyewe umekaa hapa, ama ni programu imejaribu kubadilisha hii kitu kisirisiri? Andika namba, songa mbele.

Secure Boot si adui, na si malaika

Nusu ya video za kuweka Linux zinaanza na hatua moja: zima Secure Boot. Ushauri huo ulikuwa na maana 2012, wakati Windows 8 ilitoka na kampuni zikaanza kuuza mashine zikiwa zimewashwa Secure Boot. Lakini Ubuntu imekuwa ikiingia na Secure Boot ikiwa imewashwa tangu toleo la 12.10, la mwaka huo huo. Inatumia programu ndogo inaitwa shim, ambayo Microsoft imeitia sahihi. Yaani mgeni anakuja na barua ambayo soja anaitambua. Linux Mint pia inaingia hivyo.

Mahali watu hukwama ni draiva za ziada, mfano za kadi ya Nvidia. Ubuntu itakuambia uunde paswadi, halafu ukiwasha tena utaona skrini ya buluu imeandikwa MOK. Watu huruka kwa kubonyeza ya kuendelea, halafu wanalalamika kwamba Linux ni mbaya. Hapo unafaa kuchagua Enroll MOK na kuandika ile paswadi yako. Hiyo skrini inakupa wewe, mwenye mashine, nafasi ya kuongeza jina kwenye orodha ya soja. Umepewa kalamu, wewe unaitupa.

Sasa nisikudanganye kwamba hii orodha haina maneno. Kwa laptopu nyingi, mwenye kuamua sahihi gani inakubalika ni Microsoft. Agosti 2024 ilitoa apdeti ya Windows iliyofanya Linux ikatae kuwaka kwa watu wengi waliokuwa na mifumo yote miwili kwenye mashine moja. Hawakuwa wamefanya kosa lolote. Waliamka tu wakapata wamefungiwa nje ya nyumba moja na mgeni wa nyumba nyingine. Tena 2023 ilijulikana kwamba kirusi kinaitwa BlackLotus kinapita Secure Boot hata kwenye Windows 11 iliyo na apdeti zote. Mwaka huo huo mtafiti mmoja akaonyesha kwamba karibu bodi 300 za MSI zilikuwa zimeandikwa Secure Boot imewashwa, na huku setingi ya ndani inaruhusu kila mtu apite. Soja amevaa sare, amelala.

Na vyeti vya kwanza vya Secure Boot, vile vya 2011, vinaanza kuisha muda Juni 2026. Usishtuke. Mashine haizimiki siku hiyo. Lakini isiyopata vyeti vipya kupitia apdeti za Windows ama za famuwea itaanza kubaki nyuma kwa ulinzi wa wakati wa kuwaka. Hiyo ni sababu ingine ya kujua njia ya kuingia huko ndani.

Kwa hivyo msimamo wangu ni huu: iache Secure Boot ikiwa imewashwa, lakini hakikisha wewe ndiye unaweza kuizima. Ulinzi ambao mwenye nyumba hawezi kuuzima umeshakuwa kifungo.

Paswadi ya "kukulinda"

Jirani yangu wa ghorofa ya chini anasoma diploma ya uhasibu. Alinunua laptopu ya ex-UK kwa duka moja hapa tao. Baada ya miezi kadhaa Windows ikagoma kuwaka, na kazi yake ya darasa ilikuwa ndani. Kitu rahisi: washa na flashi ya Linux, nakili faili, maliza. Tunabonyeza F10, mashine inauliza paswadi. Hajawahi kuweka paswadi maishani. Anapigia duka simu, anaambiwa, "Madam, hiyo huwa tunaweka juu wateja huharibu setingi. Leta tukufungulie, ni elfu moja mia tano." Paswadi yenyewe walikataa kumwambia. Alilipa, juu Jumatatu alikuwa na mtihani. Walifungua, wakafanya kazi, wakafunga tena.

Hiyo si ulinzi, watu wangu. Ni kodi ya nyumba.

Na usidhani utatoa betri ya bodi ifutike kama kompyuta za zamani. Kwa laptopu za biashara, paswadi ya msimamizi inakaa kwenye chipu ambayo haitegemei hiyo betri. Lenovo yenyewe inasema ukisahau ile ya ThinkPad, dawa ni kubadilishiwa bodi kuu. Bodi kuu! Kwa laptopu uliyonunua mitumba.

Kwa hivyo ukienda kununua, kabla ya kuangalia stika na wembamba, mwambie muuzaji awashe mbele yako na uingie BIOS. HP ni F10. Dell ni F2. ThinkPad ni F1. Acer na Asus nyingi ni F2. Ikiuliza paswadi, iondolewe hapo hapo ukiangalia, ama uende duka lingine. Ukiwa ndani, tafuta mstari wa Absolute ama Computrace. Hiyo ni huduma ya kufuatilia mashine inayokaa kwenye famuwea, na kampuni zilizokuwa na hizo laptopu huko Uingereza huitumia. Ikiwa imeandikwa Activated, uliza hii mashine ilitoka kwa nani, na usitoe M-Pesa yako mpaka upate jibu linaloeleweka. Halafu angalia tarehe na saa. Zikiwa za miaka ya nyuma, betri ya bodi imeisha. Hiyo ni kitu ndogo, lakini ni ya kupunguzia bei.

Vitu vya kuheshimu

Sisemi uingie ukabonyeze kila kitu. Kuna mambo manne ya kuheshimu. Kama Windows yako imefungwa na BitLocker, isimamishe kwanza kabla ya kugusa Secure Boot ama TPM, na uhakikishe unajua ule ufunguo wake wa tarakimu 48 uko wapi. Mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft. Kama Linux haioni diski yako, sababu inaweza kuwa diski imewekwa RAID ama VMD badala ya AHCI, lakini ukibadilisha hapo bila kuandaa Windows, Windows itagoma. Kama unafanya apdeti ya famuwea, betri ijae na chaja iwe ndani, juu stima ikipotea katikati utabaki na kipande cha chuma. Na usiwahi kuweka paswadi ya BIOS ukiwa na usingizi.

Zaidi ya hapo, ndani kuna chaguo la kurudisha setingi za kiwandani. Kampuni zenyewe zilijua utajaribu.

Na fundi atakula nini?

Najua hili swali linakuja, na ni la haki. Nina marafiki mafundi. Kuna vijana wanalipa kodi ya nyumba na kazi ya kuweka Windows, na Mgala muue na haki yake mpe: fundi mzuri anayekuokolea diski inayokufa, anayebadilisha skrini, anayechomea kiungo cha chaji kwa mkono usiotetemeka, huyo mlipe bila kusukumana bei. Hiyo ni kazi ya miaka.

Lakini kuna tofauti kati ya kulipia ujuzi na kulipia kutojua kwako. Kubonyeza F10, kushuka mistari mitatu na kuwasha TPM si ujuzi wa kuuzwa. Kwa Intel inaandikwa PTT, kwa AMD inaandikwa fTPM. Hiyo umeipata bure hapa. Na fundi ambaye biashara yake inasimama kwa sababu wateja hawajui kuingia BIOS, biashara yake imesimama juu ya mchanga, juu siku moja mteja mmoja atajua na ataambia wengine.

Tena fikiria ni nani anaumia zaidi. Mtu wa ofisi ana watu wa kompyuta wanalipwa. Mwenye pesa atanunua mpya. Anayeambiwa "mashine imekufa" na kuamini ni yule wa chuo ambaye mamake alichukua mkopo wa chama ndio hiyo laptopu ipatikane. Huyo hana laptopu ya pili. Na hata kama yake ni ile 840 G3 ambayo haimo kwenye orodha, bado haijafa. Weka Linux Mint, itaandika, itaingia mtandaoni, itacheza video, itakufundisha kodi, na itaendelea kupata apdeti za usalama. Lakini ndio uiweke, lazima mashine iwake kwa flashi, na ndio iwake kwa flashi, lazima geti lifunguliwe na wewe.

Kwa hivyo jioni ya leo fanya kitu kimoja. Nenda kwa Start, shikilia Shift ukibonyeza Restart, chagua Troubleshoot, halafu Advanced options, halafu UEFI Firmware Settings. Hiyo ya mwisho ikikosekana kwenye mashine iliyokuja na Windows 8 ama ya baadaye, kuna uwezekano mkubwa uko kwa Legacy, na umejibiwa. Ukifika ndani usibadilishe chochote. Piga picha kila ukurasa na simu yako, ndio siku kitu kikiharibika ujue vile kilikuwa. Halafu toka bila kuhifadhi.

Na ikikuuliza paswadi ambayo hujawahi kuweka, usingoje wiki ya mtihani. Rudi kwa duka kesho, na risiti mkononi, uwaambie umekuja kuchukua laptopu yako.